Nani Atalifuata Sanduku?

(Maneno haya niliyasema hapa Dar es Salaam, mbele ya walezi wa vituo vya watoto, wazazi walioasili na wanaosubiri. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikapunguza marudio na kikohozi.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo? Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Nimewasalimia hivi kwa sababu nimefanya kazi miaka 26 katika nyumba za watoto wa kila dini, na wengine ambao dini yao haikujulikana. Kule usipomsalimia mmoja, analia.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Bibi, tunaomba utuzungumzie furaha na machungu ya kuasili mtoto kwenda nje ya nchi." Nikamwuliza, furaha ya nani, mwanangu? Akanyamaza. Nikamwambia basi nitakuja.

Niseme mapema kwamba mimi sijaasili mtoto. Mimi ni wa upande ule mwingine, wa kutoa. Nimefunga vibegi, nimesuka nywele za safari, nimerudi kituoni alfajiri nikakuta kitanda kimoja kitupu na watoto wengine kumi na mmoja wanataka uji. Waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi walisema kweli, ila walimsahau mlezi. Sasa leo mtanisikiliza mimi.

Hili neno lenyewe, kuasili, tumelizoea siku hizi. Zamani tulisema mtoto wa kupanga, na watoto wakikua walituuliza: kupanga kama chumba? Kodi ikiisha natolewa vyombo nje? (Mnacheka, lakini mtoto wa miaka saba aliniuliza hivyo na hakuwa anacheka.) Kuasili limejengwa juu ya asili: unamfanya mtoto awe wa asili yako. Vizuri. Lakini mtoto huyo alikuja na asili nyingine mkononi, na neno halituambii ile tuiweke wapi.

Nitawasimulia mtoto mmoja. Jina lake limo kwenye hati, tuliache humo. Nitamwita Masika, kwa kuwa aliletwa masika ya mwaka 2008, siku ambayo Jangwani hapakupitika na askari aliyemleta alikuwa ameloa hadi kofia. Alikutwa kwenye baraza ya zahanati. Kitovu kilikuwa kimeshadondoka, kwa hiyo mama yake alikaa naye siku kadhaa. Mtoto aliyetupwa akiwa na kitovu kibichi ni hadithi moja, na mtoto aliyenyonyeshwa wiki mbili halafu akaachwa mahali ambapo nesi lazima atapita asubuhi ni hadithi nyingine. Kwenye fomu ya polisi wote wawili wameandikwa "ametelekezwa".

Alikuwa amefungwa upande mmoja wa kanga. Maandishi yamefifia, neno lililosomeka ni "Mola" tu.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Watoto walikuwa na Mama Asubuhi, Mama Jioni na Mama Usiku. Mama Usiku ndiye mimi. Masika alijifunza kulala amekamata pembe ya ile kanga, na mimi nilijifunza kutembea bila kuburuza kandambili. Wale mnaosubiri watoto kutoka vituoni, jueni jambo hili: mtoto wa kituo anaachwa mara tatu kwa siku, kila zamu inapobadilishana. Ukimwona anamkimbilia kila mgeni na kumkumbatia, usiseme jamani ana upendo huyu. Anajaribu milango. Na ukimwona mtoto mchanga halii usiku, usifurahi. Amegundua kwamba kulia hakumleti mtu.

Mwaka 2010 akaanza kuja mama mmoja wa Kizungu, kila Jumamosi, kwa baiskeli, jua la Dar es Salaam unalijua. Tukamwita Mama Baiskeli. Mumewe alikuwa na kazi ya miradi ya maji. Nchi yao siitaji. Alikuja kusoma vitabu vya picha na watoto. Masika hakupenda vitabu. Alipenda kengele ya baiskeli.

Siku aliponiambia wanataka kumwasili, nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Watu huja sokoni kuchagua." Akalia. Nami sikumbembeleza, nilikuwa nimeona wengi wakisema hivyo wakiwa na jua kichwani, halafu ndege ikawachukua. Huyu akabaki.

Mnajua sheria yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi hapa miaka 3 mfululizo, amlee mtoto si chini ya miezi 3 huku afisa ustawi wa jamii akiangalia, asiwe na rekodi ya jinai, alete taarifa kutoka kwao kwamba anafaa, na mahakama iridhike kuwa nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Na kabla ya hayo yote, mtoto awe amekosa familia ya kumlea hapa hapa nchini. Wageni wengi husoma kipengele cha miaka 3 na kuguna. Mimi nakipenda. Miaka 3 inatosha kuugua malaria, kukatikiwa umeme, kugombana na mwenye nyumba na kujua kwamba mtoto wa kwetu si yule wa kwenye kalenda.

Lakini ile kusubiri iliwatesa. Nimemwona Mama Baiskeli akija Jumatatu anang'aa kwa sababu cheti kimefika kutoka kwao, na Alhamisi amekauka kama mhogo kwa sababu cheti kingine kimepitwa na muda wakati wakingoja hicho cha kwanza. Alikuwa ameshapaka chumba rangi. Akakipaka tena. Mumewe aliacha kuingia chumba kile. Nimesikia wazazi wa namna hiyo wakisema ni kama mimba isiyo na miezi, hujui uko wa tatu au wa nane, na huna tumbo la kuonyesha watu wakupishe kiti kwenye daladala.

Halafu ndugu wakapatikana.

Afisa ustawi wetu wa wakati ule alikuwa binti mdogo, mkaidi, Mungu ambariki. Wengine wangeandika "ndugu hawajulikani" na kufunga faili. Yeye alichukua picha ya ile kanga akazunguka nayo kwenye mitaa inayozunguka zahanati, kwa wajumbe wa nyumba kumi, nyumba kwa nyumba. Mama mmoja akasema, huyo alikuwa dada wangu wa kazi, akaondoka ana mimba, kwao Mkuranga.

Februari 2012 tukaenda Mkuranga, binti wa ustawi na mimi. Tukamkuta bibi, macho yameanza kuingia ukungu kwa sukari, amekaa juu ya mkeka anachambua mchele kwa vidole. Tukamtolea picha, hakuona vizuri. Tukamtajia rangi na neno Mola. Akamwita mkwewe amletee sanduku, akatoa upande wa pili wa doti. Maandishi yake yalisomeka vizuri kabisa: Mola nipe subira.

Binti yake alifariki mwaka 2009. Alirudi nyumbani akiumwa, akasema mtoto yuko pazuri, hakusema wapi.

Nilirudi Dar es Salaam nikiwa na furaha ambayo ilimchoma mwenzangu. Nilipomwambia Mama Baiskeli kwamba Masika ana bibi, alikaa chini kwenye ngazi za jikoni. Akasema, "Namshukuru Mungu," kwa Kiswahili chake kile, na mikono ikimtetemeka. Nilimwamini siku ile. Mtu anaweza kushukuru na kufa kwa wakati mmoja.

Bibi angeweza kumchukua. Nataka mlisikie hili, maana ndilo linaloninyima usingizi hadi leo. Alimtaka. Alikuwa hana macho, hana dawa za uhakika, na mwanawe wa kiume ana watoto sita na shamba la mihogo. Kama siku ile tungekuwa na fungu la kumpa kaya ile kitu kidogo kila mwezi, Masika angekulia Mkuranga. Agosti mwaka ule ule wa 2012 ndipo TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, walipozindua mpango wa kunusuru kaya maskini, miezi sita baada ya sisi kukaa kwenye mkeka ule. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto unasema kumpeleka mtoto nchi nyingine ni njia ya mwisho. Sijui kama tulifika mwisho, au tulifika mahali ambapo nauli yetu iliishia.

Bibi alifikiri wiki tatu. Akatuita. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza, ataitwa nani? Yule ni Mwislamu wa pwani, na kwetu kumlea yatima ni thawabu kubwa, lakini kumfutia nasaba haturuhusiwi. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, na kama baba hawajulikani basi ni ndugu zetu katika dini. Hata Zayd bin Haritha, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alirudishiwa jina la baba yake. Masheikh waliomo humu watanisahihisha. Bibi alisema, watamlea watu wa dini nyingine, hilo namwachia Mwenyezi Mungu, ila jina la mama yake lisifutwe. Mama Baiskeli na mumewe wakakubali, likawekwa katikati. Lipo hadi leo kwenye pasi yake ya kusafiria.

Swali la pili liliniangukia mimi. Alisema, Nabii Musa alitiwa kwenye sanduku, akaokotwa na watu wa Firauni, akalelewa ikulu, na akabaki kuwa Musa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu dada yake alilifuata lile sanduku kando ya mto, akitazama linakokwenda. "Sasa ninyi," akasema, "nani wenu atalifuata sanduku?"

Nikasema, mimi, bibi.

Tukapatana: kila Idi familia italeta picha na barua kituoni, mimi nitaipeleka Mkuranga. Bibi akaweka dole gumba.

Mahakama Kuu ilitoa amri mwezi Julai. Jaji alimwuliza Masika, aliyekuwa na miaka minne na ameshakaa kwao miezi, "Huyu ni nani?" Akajibu, "Mama Baiskeli." Mahakama nzima ikacheka, mama mwenyewe akalia kwa furaha, mimi nikatoka nje kujipepea.

Siku ya safari, Septemba, nilikwenda kumsuka. Huna muda, unasuka twende kilioni, ndio mtindo wa haraka. Katikati ya msuko nikakumbuka jina la mtindo, vidole vikaganda. Nikamaliza tu, ungefanyaje.

Pale ndipo nikagundua kanga imefuliwa. Mama Baiskeli aliifua kwa sabuni ya unga, akaipiga pasi, akaikunja kama shuka la hoteli, kwa mapenzi matupu, asiondoke na kitu kichafu. Harufu ya mtoto mwenyewe, ya mafuta ya nazi na ya kitanda chetu, yote imekwenda na maji. Masika aliinusa, akaitupa. Akapanda ndege hana cha kushika. Ninyi mnaosubiri, shikeni hili kabla ya yote nitakayosema: akija na kitambaa, msikifue. Kikinuka, kinuke. Mtakifua akiwa na miaka kumi.

Kilichotokea huko nilikijua baadaye sana, mwaka 2024, walipokuja. Mama Baiskeli alinisimulia tukiwa tumekaa wawili, akaniomba niwasimulie wengine.

Mwezi wa kwanza ulikuwa fungate. Masika alicheka na kila mtu, alikula kila kitu, majirani walileta keki. Mwezi wa pili akaanza kuficha chakula: mkate chini ya mto, nyama kwenye kiatu. Usiku alilala sakafuni mlangoni. Akichukuliwa kitandani anarudi mlangoni. Walidhani anataka kutoroka. Miaka ikapita ndipo nikamweleza kwamba kituoni, mlangoni ndipo kilipokuwa kiti cha Mama Usiku.

Na yeye mwenyewe, mama, alianguka. Miaka yote ile alipigana na makaratasi, makaratasi yakaisha, akabaki na mtoto anayempiga teke na baridi nje. Alisema, "Dada, nilimtazama nikajisemea, nimemwiba mtoto wa watu." Hakumwambia yeyote, maana kila aliyekutana naye barabarani alisema hongera. Mwanamke aliyejifungua akilia siku ya nne watu wanaelewa, wanamletea supu. Huyu nani angempa supu? Alikuja kupata nafuu kwa daktari, kwa dawa na mazungumzo, karibu mwaka mzima. Akina baba mliomo humu, mumewe aliona na akanyamaza akidhani kunyamaza ni heshima. Msinyamaze.

Kuna jambo jingine lilimwuma mtoto, alinieleza mwenyewe. Watu wa kule walikuwa wakimwambia, "Una bahati wewe." Dukani, shuleni, kanisani. Alisema ilimchukua miaka kujua kwa nini neno hilo linamkera: kila anayelisema anamtaka ashukuru kwa kufiwa.

Kiswahili kilimtoka kwa miezi. Alinisimulia juu ya watafiti wa Ufaransa waliowapima watu wazima waliotoka Korea Kusini kwenda kulelewa kule wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 8. Wakisikilizishwa Kikorea hawakukitambua, wakakisikia kama lugha yoyote ya kigeni. Aliposoma hayo alilia, kisha akapata nafuu kidogo. Alikuwa anadhani ni yeye tu aliyekuwa msahaulifu. Lakini yeye kuna kitu kimoja kilibaki, na hili nalisema kwa ruhusa yake: kusonya. Akichukizwa anasonya msonyo mrefu wa Kinondoni, wenye mkia. Mama yake alimpeleka kwa daktari wa meno mara mbili.

(Mkicheka hivyo hatutamaliza.)

Binti mmoja hapa mbele ameniuliza asubuhi mbona milango ya kuasili watoto kwenda nje inafungwa duniani. Inafungwa kwa sababu watu waliitumia vibaya. Mwaka 2007 kule Chad, watu wa shirika moja la Ufaransa walikamatwa wakitaka kuwarusha watoto 103 Ulaya kama yatima wa Darfur, Sudan, na ikaonekana wengi wana wazazi hai kule kule Chad. Kenya walisimamisha kuwatoa watoto kwa wageni Novemba 2014. Ethiopia wakapiga marufuku Januari 2018. Uholanzi walisimamisha mwaka 2021 baada ya tume yao kukuta uozo wa miaka mingi, China wakafunga Septemba 2024. Korea Kusini, iliyopeleka nje watoto wapatao 200,000 tangu vita vya miaka ya 1950, ilikiri kupitia tume yake ya ukweli mwezi Machi 2025 kwamba kulikuwa na mafaili ya uongo: watoto wenye wazazi wakaandikwa yatima. Marekani peke yake walipokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004. Mwaka 2023 hawakufika 1,300. Wapo wanaolia milango inapofungwa, na wapo watoto ambao kweli watabaki vituoni kwa sababu hiyo, siwafichi. Lakini neno "yatima" lililoandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ndilo lililofunga milango hiyo. Ndiyo maana namwombea dua yule binti wa ustawi aliyezunguka na picha ya kanga.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana hilo ndilo lililonileta.

Picha ya Idi ya 2013 ilifika, nikaipeleka Mkuranga. Ya 2014 nikaipeleka. Ya 2015 pia; bibi alikuwa haoni tena, mkwewe akamweleza: amevaa koti, ana pengo, amekaa juu ya theluji. Bibi akauliza theluji ndiyo nini, tukashindwa wote.

Mwanzoni mwa 2016 nikahamia kituo kingine, upande wa Mbezi. Idi ikafika, sikuona picha. Mjomba wa Masika akanipigia, mama anauliza. Nikamwambia hawajatuma. Mwaka 2017, hawajatuma. Mwaka 2018 nikamwambia, kaka, hawa Wazungu ndivyo walivyo, wakishapata wanachotaka wanasahau. Nililisema kwa mdomo huu. Nililisema na kwa wenzangu kazini, nikaonekana mwenye busara.

Bibi alifariki 2019.

Masika alikuja na mama yake Julai 2024, ana miaka 16, mrefu kunipita. Uwanja wa ndege ulikuwa umebadilika, yeye aliondokea jengo la zamani. Alisimama kwenye foleni ya wageni, na viza, kwa kuwa wanasafiri na pasi ya kule. Afisa akasoma jina la katikati akamwambia, "Karibu nyumbani," akaendelea kugonga mhuri. Alinisimulia hilo mara tatu.

Tulikaa kwangu, nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kanga? Ameileta picha tu kwenye simu. Kanga yenyewe iko ukutani sebuleni kwao, imetiwa kwenye fremu ya kioo, kama picha ya rais. Tangu iwekwe kioo hajawahi kuigusa.

Akafungua daftari. Alikuwa ameandika maswali, mama yake anatafsiri. La kwanza kabisa: "Bibi alizipenda picha zipi?"

Nikamwambia ile ya theluji. Akasema, "Na ile ya farasi? Na ile niliyomwandikia kwa Kiswahili, nilitafuta maneno mwenyewe?"

Nikamtazama mama yake. Mama yake akanitazama. Wote wawili tukaelewa kwa wakati mmoja, na mtoto akaelewa kutokana na nyuso zetu.

Walituma kila mwaka. Hawakuruka hata mmoja. Walituma kwenye anwani waliyopewa, kituo cha zamani, na mimi sikuwaachia anwani mpya. Kutoka Mbezi hadi pale ni daladala mbili. Miaka minane sikupanda daladala mbili kwenda kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua wao ni watu gani.

Masika aliuliza swali moja tu baada ya hapo. "Bibi alikufa akijua niko hai?" Nikamwambia, sijui, mwanangu. Alisonya. Halafu akaja akakaa karibu yangu, bila kunigusa, mpaka umeme ulipokatika na kurudi.

Kesho yake tulikwenda wote kituo cha zamani. Karani ni mpya, hana kosa, hakuna aliyemwambia. Akafungua droo ya chini ya kabati la chuma, ile inayokwama. Bahasha za Masika zilikuwamo, stempu zote za kule, hazijafunguliwa. Tukazipeleka Mkuranga siku ileile. Mjomba aliita watoto wake, Masika akazifungua mwenyewe moja moja, akawa anazisema kwa lugha yake, mama anatafsiri, mimi naongezea, na mke wa mjomba, aliyekuwa akimweleza bibi picha, akakaa mahali bibi alipokuwa akikaa. Baadaye akaenda ndani akaja na upande wa pili wa doti. Haujafuliwa sana. Masika aliujifunika kichwa kizima, akakaa humo muda mrefu. Hatukumsumbua.

Lakini nilikuwa nasema habari ya droo. Haikuwa na bahasha za Masika tu. Kulikuwa na za watoto wengine, walioondoka miaka mbalimbali, wazazi wao wa huko wakituma kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mzazi mmoja ambaye namfahamu na anauza vitumbua Mbagala. Kituo kilituruhusu, afisa ustawi akapitia faili moja baada ya jingine, akatuthibitishia wapi pa kupeleka na wapi tusipeleke kwa sasa. Zimebaki 31.

Ninazo kwenye mkoba huu. Kisarawe ziko tisa, Bagamoyo sita, Chalinze mbili, Mbagala na Chamazi kumi na moja, na tatu ni za Rufiji, huko mvua ikinyesha sifiki kwa miguu hii. Kila mtu atatia sahihi kwa afisa, na atarudi kuniambia alimkuta nani. Mwenye gari Jumamosi hii, au mwenye nauli tu, anione pale mlangoni kabla hamjakwenda kula.